Aliyecheka Karakanani

Msomaji, tulimwacha Msumari amelala chali ndani ya jeneza, mzima wa afya, njaa inamuuma.

Kama gazeti la wiki iliyopita lilikupita, au muuza duka alikufungia sabuni nalo, nakukumbusha haraka. Msumari ni binti wa fundi majeneza, umri miaka ishirini na minne, na ulimi wake umechongoka kuliko hilo jina. Yeye na binamu yake Bawaba, mtoto wa shangazi, wana ukurasa mtandaoni unaoitwa Sanduku Wazi. Kazi ya ukurasa ni kukicheka kifo. Asubuhi hiyo walikuwa wanarekodi kisa cha marehemu anayeamka kuuliza nani kaondoka na chaja yake. Msumari kaingia sandukuni, simu yake mkononi inarekodi, kifuniko kakivuta juu. Bawaba akatoka nje kutafuta betri ya taa.

Ndipo mlango wa karakana ukalia, mwanamke akaingia, akamuuliza baba yake Msumari swali moja.

"Fundi, hii sauti ni ya nani?"

Hapo ndipo tulipoachana. Haya, kaa vizuri.

Gizani mle, Msumari alisikia simu ya mgeni ikikwaruza kidogo. Kisha akasikia sauti inayotoka kwenye simu hiyo. Ilikuwa yake mwenyewe.

"Sentimita themanini na tisa. Hili si jeneza hili, ni droo. Mwambieni mama yake tutamwekea na kishikio."

Halafu kicheko. Kirefu, kizito, cha mtu anayecheka mpaka anashika kiuno. Kisha kimya.

Sekunde kumi na moja, kwisha.

Msumari alihisi ubao wa chini umegeuka barafu. Maneno aliyajua. Aliyasema yeye, siku tisa nyuma, ameegemea meza ya randa, mita mbili kutoka hapo alipolala. Lakini hakumwambia mtu. Yalikuwa maji ya kutu.

Ngoja nikueleze maji ya kutu, maana bila hayo hutamwelewa huyu dada.

Bomba likikaa siku mbili bila maji, siku yakirudi hutoka kwanza mekundu. Huyakingi hayo. Unayaacha yaende zake, ndipo unaweka ndoo. Msumari na Bawaba walifanya kazi hivyohivyo. Kila mara kabla ya kurekodi walijipa dakika kumi za kutapika mabaya yote yaliyowakaa kichwani, yale ambayo ukiyasema mbele za watu utahama mtaa. Simu zao zinalazwa kifudifudi mezani, randa juu yake kama polisi. Dakika kumi zikiisha, ulimi umesafika, simu zinageuzwa, kazi inaanza. Kwenye kazi yenyewe walikuwa na sheria ambayo hawajawahi kuivunja: unaweza kucheka kifo, humcheki marehemu, unaweza kucheka sanduku, humcheki mteja.

Maji ya kutu hayakuwa na sheria, kwa sababu hayakuwa na msikilizaji.

Sasa yalikuwa na wasikilizaji elfu arobaini. Mwanamke aliitaja idadi hiyo taratibu, kama mtu anayesoma barua ya watu wengine. Akasema jirani ndiye aliyemletea juzi, akicheka, bila kujua anamletea nani. Kwenye kile kipande hakuna jina la mtu wala uso. Yeyote mwingine angedhani ni mzaha wa jumla, akapita. Tatizo lilikuwa ile namba.

"Themanini na tisa tuliijua wawili, fundi. Mimi nilishika upande mmoja wa kamba, wewe ukashika wa pili."

Kweli tupu. Fundi huyu hapimi kwa futi ya chuma. Futi ya chuma hulia ikijirudisha kwenye kibweta chake, na mlio ule, husema, haufai kusikika kwenye chumba chenye msiba. Ana kamba yake ya pamba, kaitia alama za wino mwenyewe, ina umri kumzidi binti yake. Anapima kimya. Namba haitamki. Anaiandika kwa penseli kwenye kibao kidogo, na kibao anakigeuza uso chini mpaka afike karakanani.

Msumari ndiye aliyekigeuza kile kibao siku tisa nyuma. Na ndiye aliyeitamka.

Alisubiri baba yake ajibu. Alimsikia akivuta pumzi, zile pumzi zake za mluzi, za kifua kilichomeza vumbi la mbao miaka thelathini.

"Sauti hiyo siijui, mama," fundi akasema.

Msomaji, mzee huyu hana tabia ya kudanganya. Ni mtu wa kumrudia mteja njiani kumwambia samahani, ubao wa upande wa kushoto una fundo. Na sasa kasema uongo, mchana kweupe, mbele ya mfiwa, kwa ajili ya binti yake. Msumari alilengwalengwa na machozi mle gizani. Alimpenda baba yake dakika ile kuliko siku zote.

Ishike dakika hiyo. Utaihitaji baadaye.

Ikumbuke pia ahadi ya mzee. Jumamosi inayokuja ndiyo siku ambayo fundi alisema atamkabidhi Msumari ile kamba, na kwa kamba hiyo, karakana. Kifua kimemchosha. Binti alianza kumshikia mbao akiwa na miaka kumi na minne, anajua kuunga pembe bila msumari hata mmoja, jina lake ni utani tu. Hata kibao kipya cha mlangoni kimeshaandikwa na mwandika mabango. Kililetwa Alhamisi, kikaegemezwa uso ukutani pembeni ya makopo ya vanishi, na fundi akakataza asikiguse mtu, rangi bado mbichi. Msumari alikuwa anakipita kila saa kama mtoto anavyopita mlango wa jikoni. Alijua kimeandikwa nini. Fundi na Binti.

Hayo yote yalikuwa yanaondoka kupitia simu ya mwanamke mmoja, na baba yake kasimama mlangoni kuyazuia kwa uongo wake wa kwanza.

Hakuweza kumwacha. Akaiweka simu kando ya paja, akasukuma kifuniko.

Kama umewahi kujiuliza namna gani ni mbaya kuliko zote ya kujitambulisha kwa mfiwa, ni hiyo. Kifuniko kilianguka sakafuni kwa kishindo. Msumari akainuka, maranda yamemganda kwenye nywele, poda nyeupe ya marehemu wa kuigiza imemjaa usoni.

Mwanamke hakupiga kelele. Alimtazama tu, kama unavyomtazama mtu aliyechelewa kikao.

"Ni yangu," Msumari akasema. "Sauti ni yangu. Baba hajui lolote."

"Najua ni yako. Siku ile ndiye uliyenifungulia mlango, ukanipa kiti, ukanipa maji. Nilitaka kuona kama fundi atasema kweli."

Fundi akainama, akaanza kutafuta kitu sakafuni ambacho hakikuwepo.

Msumari alishuka sandukuni, mguu mmoja ukanasa, nusura aanguke. Alitaka kusema mengi. Alitaka kusema kwamba lile sanduku dogo alilipiga msasa yeye, saa nne nzima, na zaidi upande wa ndani, ule ambao hakuna mkono wa mtu utakaoupapasa, mpaka ubao ukawa laini kama shavu. Kwamba alipomaliza mikono ilikuwa inamtetemeka, na ndipo akasema lile neno la droo, ili isitetemeke. Alianza kulisema la msasa. Lilipofika katikati likawa linasikika kama anaomba ashukuriwe. Akanyamaza.

Mwanamke alimngoja amalize, kisha akasema yeye hakuja kwa ajili ya sauti.

"Kukusamehe au kutokukusamehe, hilo nitaliamua siku nikiwa na nguvu. Mimi nimekuja kwa ajili ya kicheko. Anayesema, pengine ulimi umemponyoka. Lakini anayecheka amesikia kwanza, akaelewa, ndipo akacheka. Huyo nataka nimwone uso."

Msumari hakuhitaji kufikiri. Kwenye maji ya kutu walikuwa wawili siku zote. Akaomba kuiona ile simu. Kipande kilikuwa kimewekwa kwenye ukurasa ambao hajawahi kuuona. Uliitwa Bawaba Peke Yake, una wiki moja tangu uzaliwe, una wafuasi kushinda Sanduku Wazi la miaka mitatu. Alipotoa simu yake ya zamani mfukoni, ile ya akiba, kuutafuta, hakuupata. Binamu alikuwa amemfungia nje.

Msomaji, hawa wawili walinyolewa na wembe mmoja. Walilala kitanda kimoja wakiwa na surua, mmoja huku mwingine kule, wakishindana nani ana vipele vingi. Na huyo ndiye aliyemfungia mlango ili watu elfu arobaini waingie.

"Ni binamu yangu," akasema, na sauti haikutikisika. "Aliyecheka ni binamu yangu."

Na Bawaba, kwa bahati yake ambayo siku zote imekuwa ya kuchelewa, akaingia wakati huohuo na betri mkononi, anapiga mluzi.

Mluzi ulimkatikia mdomoni. Aliona simu, akaona uso wa Msumari, akajua. Akaanza kusema dada, ngoja kwanza, usikimbilie. Mwanamke hakumpa nafasi. Alisogea mpaka mbele yake, mwanamke mfupi wa viatu vya mpira, akasema neno moja.

"Cheka."

Bawaba akamwangalia mjomba wake. Mjomba alikuwa bado anatafuta kitu chake sakafuni.

"Mama, samahani, sijaelewa."

"Umeelewa. Cheka kama ulivyocheka humu ndani."

Sijui kama umewahi kumwona mchekeshaji anaombwa kucheka na mtu aliyezika wiki iliyopita. Bawaba, anayechekesha ukumbi mzima kwa nyusi tu, alifungua mdomo, hewa ikatoka bila kitu. Mara ya pili ikatoka nusu. Mara ya tatu kikatoka chenyewe, kicheko chake halisi, kile cha hofu na cha furaha ambacho kwake ni kimoja: kiii, kiii, kiii. Mlango unaolilia mafuta. Ndiyo sababu tangu darasa la tatu anaitwa Bawaba.

Mwanamke akatikisa kichwa.

"Siye."

Akaibonyeza simu tena. Kwa mara ya kwanza Msumari hakuisikiliza sauti yake. Alisikiliza kile kinachofuata. Kicheko kizito, cha kutoka kwenye mbavu. Na mwisho kabisa, pale kilipokatwa, kulikuwa na mwanzo wa kitu kingine, kama mlango uliofunguka kidogo ukafungwa haraka.

Mwanzo wa kikohozi.

Halafu akaitazama picha. Ilimwonyesha yeye kwa nyuma, kutoka juu. Pembeni, ukingo wa kopo la gundi. Kopo hilo hukaa kwenye rafu ya misumari, na kwenye rafu ya misumari hakuna simu inayokaa isipokuwa moja, ile ya karakana, inayochajiwa hapo asubuhi mpaka jioni na inayopokea wateja. Namba ya siri ya simu hiyo, kwa alivyojua Msumari, aliijua mtu mmoja, baba yake.

Mwanamke alikuwa ameshageuka. Hakuwa anajua habari ya rafu wala gundi. Alikuwa tu amebakiza mtu mmoja karakanani ambaye hajacheka.

"Fundi," akasema, na safari hii kwa upole, "cheka na wewe."

"Siwezi, mama."

"Jaribu."

"Mama, tafadhali."

Hakuhitaji kujaribu. Kifua kilimjibia. Vikatoka vikohozi vitatu vikavu, kisha kimoja kirefu, kama msumeno uliokutana na fundo ndani ya ubao. Kila mtu mle ndani alikisikia kikianzia hasa pale simu ilipokatia.

 Huko nje mtu alikuwa anapigapiga bati, tangu asubuhi, na sasa kila pigo lilisikika.

"Ulikigeuza kile kibao ili nisiione namba," mwanamke akasema. "Nilikuwa nimeshaiona. Lakini usiku ule nilikuwa nawaambia watu, jamani, kuna fundi mmoja mwenye adabu."

Fundi alitaka kumshika mkono kama alivyomshika siku ya kupima. Mwanamke akaurudisha nyuma mkono wake bila hasira, kama mtu anayeuondoa kwenye sahani yenye moto. Akazunguka meza ya randa. Pale ukutani, kwenye kigingi chake, ilining'inia kamba ya pamba. Akaitungua. Akaizungusha kwenye kiganja, mzunguko kwa mzunguko, kwa makini, kama anayekunja uzi wa kufumia.

Hakuna aliyethubutu kumzuia.

"Hii haitampima mwingine."

Alipofika mlangoni akasimama. Msumari alidhani sasa ndiyo matusi yanakuja, na alikuwa tayari kuyapokea, hata aliyataka.

"Kingekuwa kicheko kibaya ningelala," mwanamke akasema. "Ni kizuri. Ni cha mtu aliyefurahi."

Mlango ukalia, akaenda zake. Na kamba ya Jumamosi ikaenda naye.

Sasa rudi kwenye ile dakika niliyokwambia uishike.

Sauti hiyo siijui, mama. Msumari aliirudia kichwani akiwa amesimama na poda yake usoni. Aliyekingwa na uongo ule hakuwa yeye. Mzee alijua fika mwanamke akishaipata sauti, atakitafuta na kicheko. Alikuwa anajificha nyuma ya binti yake, na binti, kwa mapenzi, kainuka kutoka jenezani ili amzibe vizuri zaidi.

"Simu ya karakana ilifikaje kuwa inarekodi?" akauliza.

Fundi akakaa juu ya kigoda. Bawaba ndiye aliyejibu, na alijibu haraka, kama mtu aliyekuwa anausubiri mlango huo ufunguliwe ili asiwe peke yake ndani.

"Mjomba ndiye aliyeniambia niitegeshe. Muulize. Alinipa na namba ya siri."

Msumari hakumuuliza. Alimtazama baba yake. Na taratibu, kwa vipande, mzee akakiri, mara anasema mara anakohoa.

Ilikuwa kwa ajili ya shangazi. Shangazi huyu ni dada mkubwa wa fundi na mama mzazi wa Bawaba, na neno lake kwenye ukoo huo halipingwi. Ndiye aliyesema karakana iende kwa binti, si kwa mwanawe, kwa kuwa mwanawe anamjua. Fundi aliitikia mbele yake. Moyoni hakuitikia. Alikuwa na wasiwasi na mdomo wa binti. Mtu anayeingia kwenye vyumba vya wafiwa, alisema, haingii na mdomo kama ule. Kumpinga dada yake hakuthubutu. Basi akatafuta kitu cha kumsikilizisha. Dakika tano tu za maji ya kutu, shangazi asikie kwa masikio yake, aseme mwenyewe hapana.

"Ilikuwa ya shangazi yako tu. Haikuwa ya watu, mwanangu. Naapa."

Bawaba akasema hata yeye hakukusudia. Aliisikiliza wakati anaitayarisha kumpelekea mama yake, akaona pale pana kitu, akaona ni hasara kukizika. Siku hizi watu wameshiba utani wa mama mkwe, akaeleza, na mikono ikaanza kucheza kama yuko jukwaani. Wanataka kitu kinachokata. Akachukua sekunde kumi na moja. Tangu hapo ameshapigiwa simu na ukumbi mmoja mkubwa, wanamtaka yeye peke yake, mwezi ujao.

"Baada ya kicheko kulikuwa na nini?" Msumari akauliza.

"Wapi?"

"Ulipokata. Kulifuata nini?"

Bawaba akajikuna shingo. "Ulilia. Kama dakika tatu hivi. Sikuiweka, ilikuwa inaua mzaha."

Aliisema kama fundi anayekueleza kwa nini kaondoa ubao uliooza. Sidhani kama hata alisikia alichosema.

Msumari alimsogelea baba yake, akachuchumaa mbele ya kigoda mpaka macho yakalingana. Kulikuwa na jambo moja lililobaki, na ndilo lililokuwa linamuuma kuliko simu, kuliko shangazi, kuliko ukumbi.

"Baba, ulitegesha simu ili uniumbue. Ulikuwa unajua inarekodi. Sasa ulicheka nini?"

 Fundi alipofungua mdomo hakuwa anajitetea tena.

"Nilikuwa chumba cha vanishi, nyuma ya ukuta wa ile rafu, simu ikanisikia kuliko wewe. Nikasahau kama kuna simu." Akajipangusa macho kwa kiganja chenye gundi. "Ilichekesha, mwanangu. Siku nzima ile nilikuwa nimebeba kile kibao mfukoni, na wewe ukanifanya nicheke. Ilichekesha sana."

Ningekuwa mimi mwandishi mwenye huruma, ningewaacha hapo wakumbatiane. Msumari mwenyewe alikaribia. Mkono ulikuwa umeshafika kwenye goti la baba yake. Lakini kichwa chake kilikuwa bado kinahesabu siku, na hesabu ilikuwa inagoma.

Simu ilitegeshwa siku tisa nyuma. Shangazi, kwa hiyo, alisikilizishwa mapema wiki iliyopita. Na kibao cha mlangoni kililetwa Alhamisi, baada ya shangazi kusikia, siku mbili kabla yule mwanamke hajaonyeshwa kitu na jirani yake.

Akasimama. Akaelekea kwenye makopo ya vanishi.

"Rangi bado mbichi," fundi akasema nyuma yake.

"Mbichi kabisa," Bawaba akaongeza, na kule kudakia kwake kulimaliza kila kitu.

Msumari alipitisha kidole kwenye ukingo wa kibao. Kidole kilirudi kikavu, kisafi. Ilikauka siku ileile ya Alhamisi, pengine hata kabla ya kushushwa. Akakishika kwa mikono miwili, akakigeuza.

Ulikuwa mwandiko mzuri, herufi za bluu zenye kivuli cheupe. Mwandika mabango alijitahidi.

FUNDI NA MPWA.

Kwa siku zote hizo alikuwa amekipita kila saa. Alikuwa amekifuta vumbi kwa nyuma.

Hakuna aliyeomba radhi, kwa sababu hakuna aliyejua aanzie wapi. Bawaba alitazama betri yake. Fundi alisema Jumamosi alikuwa na nia ya kumweleza vizuri, kwa utaratibu, na kwamba kazi ya msasa ingebaki yake siku zote, hakuna anayepiga msasa kama yeye.

Msumari akakirudisha kibao ukutani, uso mbele safari hii, ili kila anayeingia akione. Kisha akafanya jambo ambalo mtu aliyeishiwa na pa kwenda hulifanya: akarudi alikokuwa. Alienda kwenye jeneza kuchukua simu yake.

Ilikuwa imelala ubavuni, pale lilipokuwa paja lake. Kwenye kona ya kioo, kitone chekundu kilikuwa kinapepesa.

Dakika ishirini na sita na bado inahesabu.

Hakuwa ameizima. Kishindo cha kifuniko, poda, mwanamke, hakuna aliyeikumbuka. Ilikuwa imemeza kila kitu: sauti hiyo siijui, mama, vikohozi vitatu na kimoja kirefu, Bawaba na mzaha wake uliouawa. Na sauti ya mzee, karibu, safi, kama yuko sikioni. Ilichekesha, mwanangu. Ilichekesha sana.

Bawaba alikiona kitone kabla ya mjomba wake. Rangi ilimtoka.

"Dada. Hiyo tuizungumze. Ile yangu haikuwa na jina la mtu, hiyo inatuua wote."

 Msumari aliinua kifuniko kutoka sakafuni, akapanda sandukuni kama mtu anayepanda kitandani kwake, akalala. Kifuniko akakivuta mpaka kikakaa sawasawa. Pembe zile aliziunga mwenyewe, haziachi hata mwanga.

Gizani, kioo cha simu kilimmulika usoni. Akasimamisha kurekodi, akafungua Sanduku Wazi, ukurasa ambao namba yake ya siri anayo yeye tu. Akaanza kukata, kama Bawaba alivyomfundisha: ondoa mwanzo, ondoa hewa, bakiza pale panapouma. Kikohozi kirefu kikabaki. Jibu la baba yake likabaki. Akaondoa kiganja chenye gundi na macho yaliyopanguswa, kwa kuwa hayakusikika, na akaondoa yale maneno ya kibao kilichobebwa mfukoni siku nzima, kwa kuwa yalipunguza makali.

Alipomaliza, akatazama urefu wa kipande chake.

Sekunde kumi na moja.

Miaka thelathini ya adabu ya mtu mmoja, na kidole gumba cha binti yake juu ya kitufe cha kutuma.

Juu ya kifuniko, pale usawa wa uso wake, pakagongwa mara tatu. Taratibu, kwa kidole kilichokunjwa, kama vile baba yake alivyokuwa anagonga mlango wa chumba chake alipokuwa mdogo, hata kama mlango uko wazi.

"Hodi," fundi akasema. "Binti yangu, hodi humo ndani."

Na kidole gumba kikashuka kitufeni.